Ukingo wa Herufi: Historia ya Maandishi Yanayoakisi Mwanga na Uimara Wake

Herufi iliyokatwa katika utando wa vinili unaoakisi mwanga na kubandikwa juu ya kibao cha nje hubeba kazi mbili zisizofanana, kwa kuwa mchana husomeka kwa rangi yake kama herufi yoyote iliyochorwa kwa brashi, lakini usiku husomeka kwa sababu tu ndani yake mna maelfu ya punje za kioo zinazourudisha mwanga wa taa za gari kwa dereva aliyeutuma. Kazi hizo mbili hazizeeki kwa mwendo mmoja. Kibao kinaweza kuonekana kizima kabisa saa sita mchana, rangi yake ikiwa haijapauka wala ukingo wake haujabanduka, na bado kikawa kimekufa usiku miaka kadhaa iliyopita bila mtu yeyote wa ofisini kujua, kwa maana wanaokagua vibao hufanya kazi mchana na wanaovihitaji zaidi husafiri usiku. Historia ya maandishi haya, tangu vifungo vya kioo vya miaka ya 1920 hadi utando wa miche midogo wa leo, inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama historia ya mapambano dhidi ya maji na jua, na hasa ya pale ambapo vitu hivyo viwili hupata mlango wa kuingilia, yaani ukingo wa herufi.

Kabla ya kwenda mbali yafaa kueleza maana ya kuakisi kunakozungumziwa hapa. Kioo cha kujitazamia huupeleka mwanga upande wa pili kwa pembe ileile uliyoingilia, na ukuta uliopakwa chokaa huutawanya kila upande, hivyo dereva anayemulika kimoja kati ya vitu hivyo kutoka mbali hapati sehemu kubwa ya mwanga wake. Namna ya tatu, ambayo katika insha hii itaitwa uakisi rejeshi, huurudisha mwanga kuelekea kulekule ulikotoka, hata kama umeingia kwa kuinamia upande, na ndiyo namna inayoonekana katika macho ya paka au ya ng'ombe anayemulikwa usiku. Kwa kuwa macho ya dereva yako juu kidogo tu ya taa za gari lake, mwanga unaorudi hivyo humfikia ukiwa na nguvu, na kibao kisicho na taa wala waya wa umeme huwaka kana kwamba kina taa yake chenyewe.

Tatizo la uimara lilitangulia tatizo la kuakisi. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Uingereza vilitengeneza vibao vya enameli, yaani bati la chuma lililofunikwa kwa unga wa kioo chenye rangi na kuchomwa katika tanuri mpaka unga ule ukayeyuka na kushikamana na chuma, na vibao vya aina hiyo vingeweza kukaa nje kwa miongo mingi bila kupauka, vikishindwa tu pale jiwe au risasi ilipobandua kioo na kuruhusu kutu. Rangi ya kawaida ya mafuta haikuwa na uwezo huo, na udhaifu wake uliacha alama hata katika sheria. Kibao cha kusimamisha magari kilichowekwa Detroit mwaka 1915, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza nchini Marekani, kilikuwa na maandishi meusi juu ya rangi nyeupe. Tangu mwaka 1924 vibao vya namna hiyo vikawa vya manjano, ingawa nyekundu ndiyo iliyokuwa rangi ya hatari katika reli na katika taa za barabarani, kwa sababu haikupatikana rangi nyekundu ambayo ingestahimili jua bila kuchujuka. Wamarekani walisubiri hadi mwaka 1954, baada ya enameli nyekundu isiyopauka kupatikana, ndipo kibao cha kusimama kikawa chekundu chenye herufi nyeupe kama kinavyojulikana sasa karibu dunia nzima. Miaka 30 ya manjano ilitokana na kemia, na wala si na uamuzi wa wachoraji.

Magari yalipoanza kwenda kasi usiku, enameli ilionekana kuwa na kasoro yake: ilidumu, lakini gizani haikuonekana. Jibu la kwanza lilikuwa kifungo cha kioo. Richard Hollins Murray, mhasibu wa Herefordshire huko Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1927 kwa lenzi ya kuakisi ambayo ingeweza kupangwa kwa safu ndani ya herufi za vibao na matangazo, na Percy Shaw wa Halifax akachukua wazo la jamii hiyohiyo mwaka 1934 akalishusha barabarani katika vifaa vilivyoitwa macho ya paka. Ubunifu wa Shaw unastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayejali uimara, kwa kuwa kila gurudumu lilipokanyaga kifaa chake, mpira uliobeba vioo ulibonyea na kuvifuta vioo hivyo kwa maji ya mvua yaliyokusanywa chini yake. Maji, ambayo kwa wengine wote yalikuwa adui, kwake yaligeuzwa kuwa mtumishi wa usafi.

Nchini Marekani vifungo hivyo vilipangwa katika mashina ya herufi za chuma, na baadaye vya kioo vikafuatwa na vya plastiki, mpaka mabango makubwa ya barabara kuu za California na Arizona yakawa yanajulikana kwa herufi zake zenye vitone vinavyowaka. Uimara wa herufi za vifungo ulikuwa wa namna yake, kwani kila kifungo kilikuwa chombo kamili kilichojitegemea, na kikianguka kimoja herufi ilibaki na pengo kama kinywa kilichong'oka jino lakini iliendelea kusomeka. Herufi haikufa yote kwa pamoja. Sifa hii haikurithiwa na utando uliokuja kuchukua nafasi yake, na ndiyo sababu baadhi ya mabango ya vifungo yalibaki juu ya barabara hata baada ya utengenezaji wake kukoma.

Utando wenyewe ulizaliwa Minnesota, katika kampuni ya 3M, na asili ya kampuni hiyo inaeleza mengi. Ilianzishwa mwaka 1902, ikajulikana kwanza kwa kutengeneza msasa, yaani karatasi iliyogandishwa chembe za jiwe gumu kwa gundi, kisha katika miaka ya 1920 ikaongeza ufundi wa utepe wa kujinata. Mtu akiunganisha stadi hizo mbili, akaweka ushanga mdogo wa kioo mahali pa chembe za mchanga, anakuwa tayari amekaribia sana utepe unaoakisi mwanga. Kazi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kupata mstari wa katikati ya barabara ambao madereva wangeuona usiku, lakini utepe uliotandazwa barabarani haukushika. Magurudumu, maji na baridi ya Minnesota viliubandua. Kushindwa huko ndiko kulikoupandisha utando kutoka sakafu ya barabara hadi kwenye nguzo, na mwaka 1939 kibao cha kwanza cha barabarani chenye utando huo, uliopewa jina la Scotchlite, kiliwekwa Minneapolis. Kwa hiyo tangu siku yake ya kwanza kifaa hiki kimekuwa mtoto wa gundi iliyoshindwa, na swali la kama kitashika au hakitashika halijawahi kuondoka kwake.

Ufanyaji kazi wa shanga unahitaji maelezo, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimo udhaifu. Ushanga mmoja una kipenyo kilicho chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Mwanga unaoingia mbele yake hupindishwa na mviringo wa kioo, hukutana karibu na mgongo wa ushanga, hugonga tabaka linaloakisi lililo nyuma yake, kisha hutoka kwa njia ileile na kurudi ulikotoka. Ili mwanga ukutane mahali hasa panapotakiwa, nguvu ya kioo ya kupinda mwanga lazima ilingane na kile kilicho mbele yake, na kioo kinachofaa kikiwa mbele yake pana hewa huwa na kipimo cha mpindo cha takriban 1.9, wakati kioo cha kawaida cha dirishani kina takriban 1.5. Utando wa mwanzo ulikuwa na shanga zilizojitokeza nje, vichwa vyake vikiwa hewani, na hesabu hii ilikwenda sawa mpaka mvua iliponyesha. Maji yalipojaza nafasi kati ya shanga na kuzifunika, mwanga haukupindishwa tena kwa kiasi kilekile, haukukutana mahali pake, na kibao kikazimika katika saa ambayo dereva alikihitaji kuliko saa nyingine yoyote.

Dawa ya tatizo hilo ilisajiliwa mwaka 1946 katika hati ya uvumbuzi ya Philip Palmquist na wenzake wa 3M. Shanga zilizamishwa ndani ya plastiki angavu yenye uso laini, ili maji yateleze juu yake bila kuzigusa. Na kwa kuwa plastiki hiyo ilibadilisha mpindo wa mwanga kama maji yalivyokuwa yakifanya, tabaka jembamba la nafasi liliwekwa kati ya mgongo wa shanga na alumini iliyopulizwa nyuma kama mvuke, ili mwanga upate umbali wa kutosha wa kukutana. Wauzaji wa vifaa vya mabango huuita utando wa aina hii daraja la wahandisi, na ndio ambao mafundi wa Afrika Mashariki wanauita stika ya kuakisi bila kuongeza neno. Muundo wake, kwa miaka mingi sana, ni uleule: plastiki ya juu, shanga, tabaka la nafasi, alumini iliyo nyembamba kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, gundi, na karatasi ya kubandua nyuma. Mvua haizimi tena kibao, na ushindi huo ni wa kweli. Lakini alumini ile nyembamba, ambayo mwanga wote wa usiku huitegemea, sasa ililala katikati ya tabaka kama siagi katikati ya vipande vya mkate, imefunikwa juu na chini, ila pembeni iko wazi.

Plastiki inayobeba tabaka hizi mara nyingi imekuwa vinili, ingawa jina hilo hutumiwa mitaani hata kwa tando za akriliki ambazo kikemia ni kitu kingine. Vinili ni kloridi ya polivinili, dutu ambayo Mfaransa Henri Victor Regnault aliiona maabara katika miaka ya 1830, na Mjerumani Eugen Baumann akaieleza tena mwaka 1872, bila yeyote kati yao kupata matumizi yake, kwa kuwa peke yake ni ngumu na huharibika ikipashwa moto. Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich, ndiye aliyeilainisha mwaka 1926 kwa kuichanganya na vimiminika vizito vinavyoitwa vilainishi, ambavyo hukaa kati ya minyororo ya plastiki na kuiruhusu iteleze. Ni lazima kukumbuka neno hukaa, kwa sababu vilainishi havifungamani na plastiki kwa kani ya kikemia. Vimepanga tu, na mpangaji huweza kuhama. Kadiri joto linavyopanda ndivyo vinavyohama, vingine vikielekea hewani na vingine vikiingia katika gundi na kuilegeza, na utando unaobaki nyuma huwa mkavu, hupungua ukubwa, na mwishowe hupasuka kama ngozi ya ngoma iliyosahaulika juani.

Jua huongeza uharibifu wa namna nyingine. Miali ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho lakini yenye nguvu ya kukata vifungo vya kikemia, hung'oa klorini na haidrojeni kutoka kwenye minyororo ya vinili, nazo huungana kuwa asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo huharakisha kung'oka kwa nyingine, na minyororo iliyobaki hupata mpangilio unaofyonza mwanga wa buluu, ndiyo maana vinili nyeupe iliyozeeka huwa na umanjano na baadaye ukahawia. Watengenezaji hukabili hali hiyo kwa kutia vidhibiti vya bati, bariamu au zinki vinavyoikamata asidi kabla haijaendelea, pamoja na viungo vinavyomeza urujuanimno, lakini viungo hivyo huisha vikitumika, kama akiba ya maji katika mtungi. Umri wa utando, kwa maneno mengine, umeamuliwa kiwandani kwa kiasi kikubwa, na fundi anayeubandika anaweza kuufupisha lakini hawezi kuurefusha.

Namna ya kutengeneza utando nayo huamua mwenendo wake. Ule wa bei nafuu huminywa kati ya magurudumu ya moto mpaka uwe mwembamba, na mkazo wa kuvutwa huko hubaki ndani yake, hivyo ukipigwa jua kwa miezi hujaribu kurudi katika ukubwa wake wa awali. Ule wa bei ya juu humiminwa ukiwa kimiminika juu ya karatasi laini na kukaushwa taratibu, na kwa kuwa haujawahi kuvutwa hauna pa kurudi. Tofauti hii huonekana wazi katika herufi ndogo za mabango ya zamani, ambapo kila herufi imezungukwa na mstari mweusi mwembamba. Mstari huo si kivuli kilichochorwa na fundi, bali ni gundi iliyoachwa wazi baada ya herufi kusinyaa, ikanasa vumbi.

Mpaka kufikia miaka ya 1970 herufi za utando zilikatwa kwa mkono kwa kisu, au kwa ukungu wa chuma uliogandamizwa, na mafundi wengi waliona ni afadhali kuchapa maandishi kwa wino juu ya utando mzima. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kampuni ya Gerber, iliyoanzishwa na H. Joseph Gerber, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Vienna ambaye alijipatia jina kwa mashine za kuchora na kukata, ilipotoa mashine ndogo ya mezani iliyoendeshwa na kompyuta na iliyoweza kukata herufi za vinili kwa dakika chache. Mashine za namna hiyo, ambazo leo ziko katika vibanda vya mabango vya karibu kila mji, ziliuondoa mkono wa mchoraji katika sehemu kubwa ya biashara hiyo, na jambo hilo limeandikwa na kusikitikiwa na wengi. Kilichosemwa kidogo ni matokeo yake kwa uimara, nayo ni makubwa kuliko inavyodhaniwa: mashine iliyorahisisha kukata iliongeza urefu wa ukingo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Bamba la utando lenye upana wa sentimita 60, likiingiwa na maji kwa milimita 2 kila upande, linapoteza chini ya sehemu moja ya mia ya upana wake, na hakuna dereva atakayegundua. Herufi yenye shina la upana wa sentimita 2, ikiingiwa na maji kwa milimita 2 zilezile kila upande, imepoteza sehemu moja ya tano ya shina lake, na kwa kuwa hasara imetokea pembeni, yaani mahali ambapo jicho huitambua herufi, B huanza kufanana na 8 na E hukonda mpaka ikafanana na F. Alumini iliyo kwenye ukingo uliokatwa hukutana na unyevu, na ufukweni hukutana pia na chumvi. Hugeuka kuwa oksidi isiyoakisi, na weusi husafiri kutoka pembeni kuelekea katikati. Mchana hakuna kinachoonekana ila ukijivu mwembamba. Usiku herufi huwa imesagwa pande zote.

Kutokana na hilo zimekuja kanuni za ufundi ambazo zina sababu nzito kuliko mwonekano. Pembe za bamba hukatwa kwa mviringo kwa sababu ncha kali ndiyo ya kwanza kunyanyuka. Herufi zisizo na vikia, yaani vincha vidogo vya mwishoni mwa mistari yake, hupendelewa kwa sababu kila kikia ni ncha nyingine. Bati hufutwa kwa spiriti na kuachwa likauke, kwa kuwa mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuacha njia ya maji. Na katika kazi nzuri ukingo hupakwa vanishi ya kuufunga. Kisu cha mashine nacho ni lazima kibadilishwe mara kwa mara, kwani shanga za kioo hukifanya butu upesi kuliko vinili ya kawaida, na kisu butu hakikati bali huchana, kikiacha ukingo wenye nyuzi na nyufa zinazokaribisha unyevu. Fundi anayebana gharama ya kisu hupunguza miaka ya kibao, ingawa siku ya kukabidhi kazi hakuna awezaye kumwonyesha kosa.

Upande wa pili wa herufi ni usuli, yaani rangi iliyo nyuma yake, na hapa upo mkanganyiko unaostahili kutazamwa kwa muda. Katika kibao chekundu cha kusimama, wekundu kwa kawaida ni wino angavu uliochapwa juu ya utando mweupe, na herufi ni zile sehemu ambazo wino haukupita. Wino huo hufanya kazi kama kichujio: mwanga huupita ukiingia na huupita tena ukitoka, na nyekundu pekee hubaki. Jua likiuchuja wino mwaka hadi mwaka, mwanga mwingi zaidi hupita, na kibao, kikipimwa kwa mashine, huonekana kimeongezeka nguvu ya kuakisi. Kipimo kinapanda huku kibao kinakufa. Maandishi meupe hayajabadilika, lakini usuli umeyasogelea kwa mwangaza, na neno lililokuwa likisomeka mbali linayeyuka ndani ya uwaridi unaong'aa. Ndiyo maana kanuni za Marekani za mwaka 2007 hazikuridhika kuweka kiwango cha chini cha nyeupe na cha nyekundu katika vibao hivyo, ambavyo ni 35 na 7 katika kipimo cha kandela kwa luksi kwa mita ya mraba, bali ziliongeza sharti kwamba nyeupe iwe angalau mara 3 ya nyekundu. Sharti hilo la uwiano ndilo lenye hekima zaidi katika jedwali lote, kwa sababu linatambua kwamba herufi ni tofauti kati ya vitu viwili.

Tando zilizofuata zilitafuta njia ya kuikinga alumini, na hatimaye ya kuikwepa. Hati ya uvumbuzi ya mwaka 1965, iliyotolewa kwa mvumbuzi McKenzie, ilionyesha shanga zilizofungiwa katika vyumba vidogo vyenye hewa, kila chumba kikiwa kimezungukwa na kuta za plastiki kama masega ya nyuki, na utando wa aina hiyo uliingia barabarani katika miaka ya 1970. Hewa iliongeza nguvu ya mwanga, lakini faida ya kudumu zaidi ilikuwa zile kuta, kwa sababu maji yaliyoingia ukingoni yalijaza safu ya kwanza ya vyumba yakasimama hapo. Baadaye shanga ziliachwa kabisa, zikachukuliwa nafasi na miche, yaani pembe ndogo za plastiki zenye nyuso tatu zinazokutana kama kona ya chumba, ambapo mwanga hugonga uso mmoja baada ya mwingine na kurudi ulikotoka, na hewa iliyo nyuma inatosha kuugeuza bila alumini yoyote. Kona za jamii hiyo, 100 kwa idadi na za kioo safi, ziliachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 ili zirudishe miali ya leza, na zinatumika hadi leo. Hata hivyo, wanasayansi wanaopima umbali wa mwezi wameona kwamba mwanga unaorudi umedhoofika mno, na vumbi ni miongoni mwa washukiwa wakuu. Ikiwa vumbi linaweza kuzeesha kiakisi mahali pasipo mvua wala upepo, haishangazi kwamba kibao kando ya barabara ya vumbi jekundu hupoteza nguvu kwa kukosa tu kuoshwa.

Nguvu kubwa ya miche ilileta tatizo ambalo halikuwahi kutarajiwa. Herufi zilizoundwa zama za utando dhaifu, zilipotengenezwa kwa utando mpya, zilimwagika nje ya mipaka yake machoni mwa madereva, hasa wazee, mpaka matundu ya a na e yakazibwa na mng'ao. Don Meeker na James Montalbano walibuni mwandiko wa Clearview wenye matundu mapana zaidi ili kulijibu hilo. Serikali ya Marekani iliuruhusu mwaka 2004, ikaufuta mwaka 2016, na ukarudishwa mwaka 2018. 

Katika kiwango cha Marekani kinachojulikana kama ASTM D4956, utando mweupe wa daraja la wahandisi huanza na takriban 70 za kipimo kilichotajwa, ule wa vyumba vya hewa na 250, na wa miche bora kabisa na 580, huku wa daraja la wahandisi ukiruhusiwa kushuka hadi nusu ya nguvu yake baada ya kujaribiwa nje. Majaribio hayo hufanyika hasa Arizona, penye joto kavu, na Florida, penye joto la unyevu, sampuli zikiinamishwa kwa nyuzi 45 kuelekea ikweta ili zipate jua jingi kuliko kibao kilichosimama. Neno ikweta katika kanuni hiyo linastahili kuwafikirisha wasomaji wa Afrika Mashariki. Florida na Arizona zina upande mmoja wa jua, ule wa kusini, na kibao kinachotazama kaskazini huko huishi kwa raha. Nairobi, Mwanza na Mombasa hazina upande wa raha, kwa kuwa jua hupita kaskazini kwa nusu ya mwaka na kusini kwa nusu nyingine, na nyuso za mashariki na magharibi hupigwa kila asubuhi na kila jioni. Kwa upande mwingine, jua la adhuhuri likiwa utosini huupita uso wa kibao kilichosimama wima kwa pembe kali, na ukali wake hushukia zaidi vitu vilivyolala, kama vile maandishi yaliyobandikwa juu ya boneti ya gari au paa la basi. Maandishi hayo huisha kabla ya yale ya ubavuni, na watengenezaji wenyewe hupunguza dhamana kwa nyuso zilizolala na kwa nchi za joto.

Kitu chenye utando wa kuakisi ambacho Mswahili wa kawaida hukigusa kwa mkono si kibao cha barabarani bali ni namba ya gari. Uingereza ililazimisha namba za kuakisi kwa magari mapya tangu mwaka 1973, nyeupe mbele na manjano nyuma, na Kenya hutumia mpangilio huohuo wa rangi, wakati Tanzania imegawa kwa matumizi, manjano kwa magari ya binafsi na nyeupe kwa ya biashara. Katika namba hizi mambo yamegeuzwa: usuli ndio unaowaka, na herufi ni nyeusi, yaani husomeka kwa kukataa kuakisi. Hivyo uzee wake nao umegeuzwa. Rangi nyeusi ikimenyeka kwa kusuguliwa na mchanga na brashi za kuoshea magari, utando ulio chini yake hufunuliwa na kuanza kuwaka, na tarakimu hujificha ndani ya mwanga. Alumini ya usuli ikiharibika kwa chumvi, usuli huzima na kuungana na weusi wa herufi. Gari lililoishi Tanga au Lamu laweza kupata magonjwa yote mawili katika bamba moja, juu limemenyeka na chini limezima.

Ili kupima hali hizi kuna mashine ndogo ya mkononi, inayogusishwa kwenye kibao na kutoa tarakimu hata mchana, lakini ni ghali, na hupima doa dogo tu la utando. Miongozo ya Marekani iliyotolewa pamoja na kanuni za mwaka 2007 imekubali pia njia ya zamani zaidi, ya mkaguzi aliyefundishwa kupita barabarani usiku ndani ya gari, kwa mwendo wa kawaida, taa zikiwa zimeshushwa, akisoma kila kibao kutoka umbali ambao dereva hupaswa kukisoma. Katika utaratibu mmoja kati ya taratibu zilizoruhusiwa, mkaguzi huyo ametakiwa awe na umri usiopungua miaka 60, kwa sababu jicho la umri huo huruhusu mwanga mchache zaidi kuliko la kijana, na kibao ambacho yeye anakisoma gizani kitasomwa na wote walio nyuma yake.